Jinsi ya Kusoma Lebo za Nafasi katika Programu za Kusanifu Violesura

Kitufe kidogo chenye aikoni moja na neno moja kinaweza kubeba namba sita za nafasi: pedingi (nafasi ya ndani) ya mlalo, pedingi ya wima, gepu kati ya aikoni na neno, kimo cha mstari wa neno lenyewe, nafasi kati ya herufi zake, na umbali wake kutoka kitu kilicho jirani. Programu ya kusanifu huzirundika namba hizo katika paneli moja nyembamba, mara nyingi zikiwa zimetambulishwa kwa vijipicha vya mistari miwili na kijisanduku katikati, na majina yake hubadilika unapohama kutoka programu moja kwenda nyingine. Haishangazi basi kwamba msanifu huandika 16 akimaanisha kitu kimoja, na msanidi programu akaisoma 16 hiyohiyo na kuiweka mahali pengine kabisa.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayepokea au kuandaa faili la usanifu na kulazimika kuzigeuza lebo hizo kuwa skrini inayofanya kazi. Unasimama juu ya hoja moja: namba ya nafasi haina maana mpaka ujue inapimwa kutoka ukingo upi hadi ukingo upi, na kama namba hiyo ni kanuni iliyowekwa na mtu au ni matokeo tu ya kanuni nyingine. Vizio, majina ya tokeni (yaani thamani za nafasi zilizopewa majina) na mpangilio wa namba nne ni muhimu pia, lakini vinaeleweka kwa urahisi zaidi baada ya maswali hayo mawili kujibiwa.

Taja kingo mbili kabla ya kuigusa namba

Kila nafasi ina kingo mbili, na kazi ya kwanza ya msomaji wa lebo ni kuzitaja. Pedingi ni umbali kutoka ukingo wa kisanduku kuelekea ndani, hadi kilichomo. Ni mali ya kisanduku kinachobeba, na rangi ya mandharinyuma ya kisanduku hicho huifunika. Pambizo ni umbali kutoka ukingo wa kisanduku kuelekea nje, hadi kitu kingine. Ni mali ya kitu chenyewe, nacho huenda nayo popote kinapohamishiwa, na rangi ya kitu hicho haiifikii. Gepu ni umbali kati ya ndugu wawili waliomo ndani ya kisanduku kimoja, na si mali ya ndugu yeyote bali ni ya mzazi anayewapanga.

CSS, lugha inayopanga sura ya kurasa za wavuti, huvitenganisha vitu hivyo vitatu waziwazi, na kati ya pedingi na pambizo huweka mpaka. Programu za kusanifu hazifanyi hivyo kila mara. Figma, kwa mfano, ina pedingi na gepu katika mpangilio wake otomatiki, lakini haina pambizo. Msanifu anayetaka kitu kimoja kikae mbali zaidi na wenzake hulazimika kukifunga ndani ya fremu nyingine yenye pedingi, au kuwagawa ndugu katika makundi mawili yenye gepu tofauti. Msanidi anayepokea faili hilo hukuta fremu isiyo na rangi wala mpaka, yenye pedingi ya 24 upande wa juu peke yake, akajiuliza ina kazi gani. Kwa kawaida hiyo ni pambizo iliyovaa nguo za pedingi, na katika msimbo inafaa irudishwe kuwa pambizo, au fremu ile iondolewe na gepu ipangwe upya.

Kuna tofauti nyingine ambayo mchoro hauionyeshi kabisa. Katika mpangilio wa kawaida wa CSS, pambizo mbili za wima zinazokutana hazijumlishwi, bali iliyo kubwa huimeza iliyo ndogo: 24 ikikutana na 16 huzaa 24, si 40. Ndani ya mpangilio wa fleksi au wa gridi, njia za CSS za kupanga vitu kwa mstari au kwa miraba, jambo hilo halitokei, na pambizo hizo hujumlishwa. Kwa hiyo msanidi anayebadili aina ya mpangilio wa kontena bila kugusa namba yoyote anaweza kuona ukurasa mzima ukitanuka, na lawama ikamwangukia msanifu ambaye hakukosea.

Gepu nayo ina mtego wake. Figma inakubali gepu hasi, na wasanifu huitumia kwa picha za duara zinazopandana, tuseme gepu ya −8. CSS haikubali gepu hasi. Thamani hiyo hupuuzwa. Lebo ikisoma gepu hasi, katika msimbo wa wavuti igeuze kuwa pambizo hasi ya kila picha isipokuwa ya kwanza.

Ficha, refusha, ongeza

Lebo ikiwa na utata, usibishane nayo. Nakili skrini, kisha ivuruge nakala hiyo kwa makusudi, kwa kuwa nafasi hujitambulisha kwa namna inavyotenda kitu kinapobadilika.

Kwanza, ficha kitu kimoja. Ukificha aikoni iliyo ndani ya kitufe, na neno likasogea hadi kwenye pedingi huku nafasi iliyokuwa kati yao ikitoweka, basi nafasi hiyo ilikuwa gepu. Isipokuwa hivyo, kuna mambo mawili yanayowezekana: neno likisogea lakini nafasi ile ikabaki, neno limefungwa ndani ya fremu yenye pedingi yake; neno lisiposogea kabisa, hakuna kanuni yoyote na vitu vilipangwa kwa mkono. Jambo hili la pili ni la kawaida kuliko wasanifu wengi wanavyokiri.

Pili, refusha maandishi. Andika neno lenye herufi mara tatu ya zilizokuwapo. Kitufe kikitanuka na umbali wa pembeni ukabaki vilevile, pedingi ni kanuni. Kitufe kikibaki na upana wake na maandishi yakaanza kusukuma kingo au kukatika, basi upana ndio kanuni, na ile 20 uliyoipima pembeni ilikuwa masalio ya hesabu.

Tatu, ongeza ndugu mmoja mwishoni mwa orodha. Gepu haijitokezi baada ya kitu cha mwisho. Ipo kati ya vitu tu. Ukiona nafasi iliyobaki chini ya kitu cha mwisho, kila kitu kinabeba pambizo au pedingi yake ya chini, na nafasi hiyo itajumlishwa na pedingi ya kontena. Hapo ndipo hutokea malalamiko ya kwamba kadi ina 16 juu na 28 chini, ilhali kila lebo inayoonekana inasema 16: pedingi ya 16 imekutana na 12 ya kitu cha mwisho.

Kanuni na matokeo

Katika Figma, ukichagua kitu, ukabonyeza Alt, au Option kwenye Mac, na kupeleka kishale juu ya kitu kingine, mistari yenye namba hutokea kuonyesha umbali kati ya vitu hivyo. Chombo hicho ni kizuri na kila mtu hukitumia, na kwa maoni yangu ndicho chanzo kikubwa zaidi cha lebo zenye kupotosha, kwa sababu huonyesha matokeo na kuyapa sura ya kanuni.

Chukua upau wa juu wa skrini yenye upana wa 375. Una pedingi ya 16 kila upande, nembo yenye upana wa 96 kushoto na menyu yenye upana wa 130 kulia, na gepu yake imewekwa kuwa otomatiki ili vitu hivyo viwili visukumwe hadi pembeni. Ukipima utaona 117 kati ya nembo na menyu. Namba hiyo ni sahihi, lakini haimwelekezi msanidi popote: kwenye skrini ya upana wa 412, nafasi hiyohiyo inakuwa 154. Aliyeandika 117 katika msimbo amepata upau unaopendeza kwenye simu moja na kuvunjika kwenye nyingine zote. Alichopaswa kuandika ni pedingi ya 16 na agizo la kuvitawanya vitu, bila namba yoyote katikati.

Dalili za matokeo si ngumu kuzitambua ukishazizoea. Namba yenye desimali, kama 23.5, ni nadra kuwa uamuzi wa mtu. Mara nyingi inatokana na kitu kilichowekwa katikati ya kontena ambalo kipimo chake hakigawanyiki kwa mbili. Namba isiyoingia kwenye mfumo uliopo ni dalili nyingine: ikiwa nafasi zote za faili ni mafungu ya 4 au ya 8, kama mfumo wa Material Design wa Google unavyopendekeza, kisha ukakuta 19, iulizie kabla ya kuiiga. Na pale ambapo sehemu ya gepu katika paneli imeandikwa kuwa ni otomatiki, umbali wowote utakaoupima kwa mistari usiuandike kabisa. Soma paneli kwanza, pima kwa mistari baadaye, na vikitofautiana, paneli ndiyo inayoeleza nia.

Mpaka unahesabiwa wapi?

Sehemu hii ni fupi, lakini imeshakula saa nyingi za watu. Katika Figma mstari wa ukingo unaweza kuchorwa ndani, katikati au nje ya ukingo wa kisanduku, na katika mpangilio otomatiki unaweza kuhesabiwa au kutohesabiwa kama sehemu ya vipimo. Mwanzoni huwa hauhesabiwi. Katika CSS mpaka huchukua nafasi yake. Tuseme kitufe kina maandishi yenye kimo cha mstari cha 24 na pedingi ya wima ya 8 juu na 8 chini, basi kimo chake ni 40. Msanifu akikiongezea mpaka wa ndani wa 1 usiohesabiwa, kwenye mchoro kinabaki 40. Msanidi akiandika pedingi ileile ya 8 na mpaka wa 1, kivinjari kinampa 42. Ama pedingi ipunguzwe hadi 7, ama kimo kiwekwe wazi kuwa 40 pamoja na agizo la kuhesabu mpaka ndani ya kipimo hicho, ama mpaka uigizwe kwa kivuli kisicho na ukungu, kwa sababu kivuli hakichukui nafasi katika mpangilio. Njia yoyote inafaa, mradi vitufe vyenye mpaka na visivyo na mpaka vikiwekwa sambamba viwe na kimo kimoja.

Namba mbili, namba nne

Lebo inayosema pedingi 8 16 24 32 inaonekana kamili, lakini kila jukwaa huisoma kwa utaratibu wake. CSS huanzia juu na kuzunguka kama mishale ya saa: juu 8, kulia 16, chini 24, kushoto 32. UIKit, zana ya Apple ya kujengea skrini za iPhone, huanzia juu pia, lakini huzunguka kinyume: juu, kushoto, chini, kulia, hivyo 16 huangukia kushoto na 32 kulia. Android, katika agizo lake la kuweka pedingi kwa msimbo, huanzia kushoto na kufuata juu, kulia, chini, na Flutter, zana ya Google ya kujengea programu, ina agizo linalofuata mpangilio huohuo. Namba zilezile nne zinatoa visanduku vitatu tofauti. Kwa sababu hiyo usikubali wala usitume namba nne zisizo na majina ya pande.

Namba mbili ni hatari zaidi kwa kuwa zinaonekana rahisi. Katika CSS, pedingi ya 8 16 ina maana ya wima 8 na mlalo 16. Paneli ya Figma hutanguliza sehemu ya mlalo, kisha ya wima, kwa hiyo anayesoma paneli kutoka kushoto kwenda kulia atatamka 16, 8 kwa kisanduku kilekile.

Maneno safu na safuwima huleta mkanganyiko wa aina yake pale vitu vinapojipanga katika mistari kadhaa. Gepu ya safu katika CSS ni nafasi kati ya safu moja na nyingine, yaani ni umbali wa wima, ingawa safu yenyewe imelala. Gepu ya safuwima ni umbali wa mlalo. Wengi hudhani kinyume chake, wakisema gepu ya safu ni ile iliyomo ndani ya safu. Ukiwa na shaka, rudi kwenye kingo: inatoka ukingo wa chini wa kitu hiki hadi ukingo wa juu wa kile, au inatoka kulia kwa hiki hadi kushoto kwa kile?

Kuhusu kushoto na kulia, zingatia pia kwamba skrini inayosomwa kwa Kiarabu au Kiebrania hupinduliwa. Android imekuwa na pande za mwanzo na mwisho badala ya kushoto na kulia tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, na CSS ina sifa za namna hiyo pia. Lebo ya nafasi iliyo kati ya aikoni na maandishi inapaswa karibu kila mara kusomwa kuwa ya mwanzo au ya mwisho, hata kama msanifu ameandika kushoto.

Maandishi ndiyo yenye utata mkubwa

Hadi hapa visanduku vyetu vimekuwa na kingo zinazoonekana. Maandishi hayana kingo hizo. Kisanduku cha maandishi kina kimo kinachotokana na kimo cha mstari, na herufi hazikijazi. Chukua fonti ya ukubwa wa 16 yenye kimo cha mstari cha 24. Katika fonti nyingi herufi kubwa huwa na kimo cha takriban asilimia 70 ya ukubwa wa fonti, yaani karibu 11, na 13 zinazobaki hugawanyika juu na chini ya herufi. Weka picha juu ya maandishi hayo kwa gepu ya 16, na jicho litaona 22 hivi. Msanifu mwenye jicho kali hupunguza gepu hadi 10 ili ionekane kuwa 16, na lebo inabaki ikisema 10. Msanidi naye hudhani kuna kosa, akairekebisha kuwa 8 au 12 ili ilingane na mfumo. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja alipima kutoka ukingo wake. Figma ina chaguo la kukata kisanduku cha maandishi kianzie kwenye kilele cha herufi kubwa na kuishia kwenye mstari wa chini wa herufi, na CSS imepata sifa ya kufanya hivyo pia, lakini si vivinjari vyote vinavyoitambua. Kwa hiyo kabla ya kutumia chaguo hilo kubalianeni, maana likiwashwa upande mmoja tu kila nafasi inayogusa maandishi itatofautiana.

Neno lenyewe la nafasi ya mistari lina maana zaidi ya moja. Wachapaji wa zamani walipenyeza vipande vya madini ya risasi kati ya mistari ya herufi za chuma, na jina la Kiingereza la nafasi hiyo, leading, bado linabeba risasi ndani yake, ingawa katika programu za leo hilo jina humaanisha umbali wote kutoka mstari mmoja wa chini wa herufi hadi unaofuata. CSS na Figma huhesabu kimo cha mstari mzima. iOS ina sifa ya kimo cha mstari, lakini ina pia sifa ya nafasi kati ya mistari, ambayo ni nyongeza tu juu ya kimo cha asili cha fonti. Android nayo ina nyongeza ya nafasi ya mistari pamoja na kizidishi chake, na tangu Android 9 ina kimo cha mstari pia. Ukisoma lebo ya kimo cha mstari 24 kwa fonti ya 16, usitoe 16 kutoka 24 na kuandika nyongeza ya 8. Toa kimo cha asili cha mstari wa fonti hiyo, ambacho huwa kikubwa kuliko ukubwa wake. Kikiwa 19, nyongeza ni 5.

Kizio cha kimo cha mstari hukosewa kila siku. Katika CSS, 1.5 bila kizio ni mara moja na nusu ya ukubwa wa fonti. Katika Figma, ukiandika 1.5 bila alama ya asilimia umeomba pikseli moja na nusu, na mistari yote itarundikana mmoja juu ya mwingine. Unachotaka ni 150%. Katika Flutter kimo cha maandishi ni kizidishi, kwa hiyo 24 ya mchoro kwa fonti ya 16 huandikwa 1.5, na anayeandika 24 atapata mstari mrefu kuliko skrini nyingi zinavyoweza kuvumilia. Lebo ikisema otomatiki, maana yake ni kwamba fonti yenyewe ndiyo inayoamua, na ukibadili fonti kila kimo kitabadilika hata kama ukubwa ni uleule. Otomatiki inafaa wakati wa kuchora haraka. Katika faili la kukabidhi, weka namba.

Nafasi kati ya herufi ina vizio vingi kuliko vyote. Tuseme msanifu anataka nyongeza ya asilimia 2 kwa fonti ya 16. Katika Figma huandikwa 2%. Katika Illustrator, ambako kizio ni sehemu moja ya elfu ya ukubwa wa fonti, huandikwa 20. CSS huipokea kama 0.02em, ambapo em moja ni ukubwa wa fonti, na Android kama 0.02 bila kizio. iOS na Flutter huitaka kwa umbali kamili, ambao ni 0.32. Namba nne, nafasi moja. Lebo inayosema tu nafasi ya herufi 2 inaweza kusomwa kuwa pikseli 2, ambayo kwa fonti hiyo ni zaidi ya mara sita ya kilichokusudiwa. Usiichanganye pia na marekebisho ya jozi ya herufi, ambayo husogeza herufi mbili maalumu, kama A na V, na ambayo kwa kawaida fonti yenyewe huwa imeshayashughulikia.

Kuna sababu ya kuzichukua namba hizi za maandishi kama mwanzo tu. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, unataka ukurasa usipoteze maandishi wala kazi yoyote msomaji anapoweka kimo cha mstari kuwa mara 1.5 ya ukubwa wa fonti, nafasi baada ya aya mara 2, nafasi ya herufi mara 0.12 na nafasi ya maneno mara 0.16. Kitufe chenye kimo kisichobadilika, ambacho maandishi yake yamekaa sawasawa kwa pikseli, mara nyingi hushindwa hapo. Kitufe kilichojengwa kwa pedingi hutanuka.

Vizio na majina ya tokeni

Namba katika Figma hazina kizio kinachoonekana. Zichukue kuwa ni pikseli za mchoro kwa kipimo cha 1. Katika Android namba hiyohiyo inakuwa dp, ambayo ni sawa na pikseli moja kwenye skrini ya nukta 160 kwa inchi, hivyo 16 dp ni pikseli 48 kwenye skrini ya nukta 480. Ukubwa wa maandishi huandikwa kwa sp, ambayo hufuata pia mapendeleo ya mtumiaji. Katika iOS inakuwa pointi. Katika wavuti inaweza kubaki pikseli au kugawanywa kwa 16 iwe rem, kwa kuwa ukubwa wa kawaida wa maandishi katika vivinjari ni 16. 24 ni 1.5rem. Kosa la kuchunga ni faili lililochorwa kwa ukubwa mara mbili au mara tatu, ambamo kila lebo inapaswa kugawanywa kwanza. Utalijua kwa upana wa fremu: skrini ya simu yenye upana wa 1125 ni ile ya 375 iliyochorwa mara tatu.

Majina ya tokeni yanapotosha kwa namna nyingine, kwa sababu namba iliyo ndani ya jina si kipimo. Katika Tailwind, mkusanyiko wa mitindo ya CSS iliyokwisha kuandaliwa, p-4 (pedingi ya daraja la 4) ni rem 1, yaani pikseli 16. Katika Bootstrap, mkusanyiko mwingine wa aina hiyo, jina hilohilo la p-4 ni rem 1.5, yaani 24, na ile ya 16 inaitwa p-3. Timu iliyohama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine na kubakiza majina imebadilisha nafasi zote bila kujua. Majina ya saizi kama ndogo, ya kati na kubwa hayana tatizo hilo, lakini yana lao: siku mtu atakapohitaji saizi iliyo kati ya ndogo na ya kati, majina yataanza kuwa ya ajabu.

Pale ambapo mpangilio wa maagizo ndio maana

Jetpack Compose ya Android na SwiftUI ya Apple, zana za kuandika violesura kwa msimbo, hazina pambizo. Zina pedingi tu, na pedingi hiyo huwa ya ndani au ya nje kulingana na inapoandikwa kwa kulinganisha na mandharinyuma. Tatizo ni kwamba zinasomwa kinyume. Katika SwiftUI, ukiandika pedingi kisha mandharinyuma, rangi huifunika pedingi, kwa hiyo ni nafasi ya ndani. Katika Compose, ukiandika pedingi kisha mandharinyuma, rangi huanza baada ya pedingi, kwa hiyo ni nafasi ya nje. Msanidi anayenakili utaratibu kutoka jukwaa moja hadi lingine atapata kadi yenye maandishi yaliyobanwa kwenye kingo na nafasi tupu kuizunguka, huku kila namba ikiwa sahihi. Kwa hiyo lebo ya pedingi inayokwenda kwenye majukwaa hayo mawili iseme jambo moja la ziada: ipakwe rangi au isipakwe.

Unapoandika lebo zako mwenyewe

Ondoa neno nafasi likiwa peke yake popote lilipo katika faili. Liandike pamoja na kingo zake: badala ya nafasi 12, andika gepu kati ya aikoni na neno 12, badala ya nafasi ya juu 24, andika pambizo kutoka chini ya kichwa hadi juu ya aya 24. Katika maandishi taja daima ukubwa na kimo cha mstari kwa pamoja, kwa mfano 16 juu ya 24, na nafasi ya herufi kwa asilimia, kwa kuwa asilimia hugeuzwa kirahisi kuwa kizio chochote kati ya vile vilivyotajwa. Namba iliyo matokeo usiiandike. Andika agizo linaloizaa, kama vile tawanya, weka katikati au jaza upana. Na ikiwa umepunguza gepu kwa jicho ili kufidia nafasi iliyomo ndani ya kisanduku cha maandishi, acha maelezo mafupi pembeni mwa namba hiyo, la sivyo mtu mwangalifu atakuja kuisahihisha.

Kisha mpe mwenzako skrini moja pamoja na lebo zake, umwombe aijenge bila kukuuliza chochote, na uweke picha ya alichojenga juu ya mchoro kwa uwazi wa asilimia 50. Popote mistari miwili itakapoonekana badala ya mmoja, rudi kwenye lebo ya mahali hapo na utafute ukingo ambao haukutajwa.